Tunajuaje Kuwa Joto Limezidi?

Wakati wa kaskazi watu wa Mji Mkongwe husema, "Joto kama hili halijapata kutokea!" Je, ni kweli? Mwili husahau. Kipimo kilichoandikwa hakisahau.

Kisauni, penye uwanja wa ndege wa Unguja, kuna kituo cha hali ya hewa. Vituoni, kipimajoto huwekwa kivulini, mahali penye hewa. Kila siku huandikwa joto la juu kabisa na la chini kabisa.

Siku moja haitoshi kutoa hukumu. Wataalamu hulinganisha miaka 30 au zaidi. Huhesabu siku zenye joto kali na usiku wenye joto. Je, zinaongezeka?

Mahali pa kupimia nako ni muhimu. Mawe, saruji na lami hushika joto mchana na kulitoa usiku. Kwa hiyo mjini usiku huwa na joto kuliko shamba. Nyumba zikijengwa karibu na kipimajoto, hesabu hubadilika. Jambo hilo nalo liandikwe.

Usiku wa joto huwadhuru wazee, wagonjwa na watoto wachanga. Tukijua ukweli, tutajikinga mapema: tutapanda miti na kuacha nafasi ya upepo.

Maswali
1. Kwa nini siku moja haitoshi?
2. Kwa nini mjini usiku huwa na joto kuliko shamba?