Mdiria Asiyevua Samaki

Asubuhi moja ya mwezi wa Aprili, mlinzi wa jengo tunalofanyia kazi hapa Dar es Salaam alinipokea mlangoni akiwa amefumba mkono. "Mtangazaji, huyu kapiga kioo usiku," akaniambia. Alipofumbua kiganja nikaona ndege mdogo, mfu, mdomo mwekundu, tumbo la rangi ya chungwa, mgongo wa buluu. Yeye alidhani ni ndege wa mtu, ametoroka tunduni.

Mpenzi msikilizaji, yule alikuwa mdiria wa aina ndogo, urefu wake sentimita 12 hivi. Sisi tukisikia mdiria tunafikiria samaki. Huyu hana haja ya mto wala ziwa. Hukaa kimya kwenye kijiti cha chini, kivulini, akitazama ardhi. Panzi, nyenje au buibui akijitikisa tu, hushuka kama jiwe, akamnyakua, akarudi naye kijitini na kumpigapiga hadi atulie. Unaweza kupita hatua chache kutoka alipo usimwone. Mwenye bahati huona kitu cha buluu kimekatiza njia, basi. Yuko ndugu yake anayekaa kando ya maji, nao huchanganywa sana. Wa majini rangi yake ya buluu kichwani hushuka hadi jichoni, lakini huyu ana utepe wa chungwa juu ya jicho.

Hata nyumba yake imefichika. Huchimba tundu kwenye ukingo wa udongo, kwenye kichuguu, au ndani ya shimo la muhanga, akataga humo mayai meupe.

Sasa ndege wa namna hii alifuata nini mjini? Alikuwa safarini. Wadiria hawa wanaozaliana kusini mwa Afrika huondoka huko baridi inapokaribia, wakaja hadi misitu ya pwani yetu, kama Arabuko-Sokoke kule Kenya, na kurejea kuanzia Septemba. Husafiri usiku. Taa za majengo huwavuta na kuwapoteza, na kioo hawakijui.

Jengo letu huwaka taa usiku kucha, ghorofa zote, ingawa aliyemo ni mlinzi peke yake, tena chini. Nilimuuliza msimamizi sababu. Akasema ndivyo alivyokuta.

Wiki ile ile mlinzi aliokota wa pili. Huyo alikuwa hai. Alimfunika kwa boksi la viatu hadi kukapambazuka, akamfungulia kwenye mwembe wa nyuma.