Unaandika hadithi kwa kujifurahisha? Usijifungie peke yako

HEBU jiulize swali hili, mpenzi msomaji: ni lini mara ya mwisho mtu mwingine aliposoma hadithi uliyoiandika?

Huenda wewe ni karani, mwalimu, fundi wa magari au mama anayelea watoto. Mchana kutwa uko kazini. Jioni unapigania matatu, unafika nyumbani Kayole au Kangemi ukiwa hoi, unapika, mnakula, watoto wanalala. Ndipo unapotoa daftari au simu na kuendeleza hadithi yako. Hakuna aliyekutuma wala anayekulipa. Unaandika kwa sababu unapenda.

Tatizo ni kwamba hakuna anayejua. Mwenzako akichungulia, unafunika karatasi. Marafiki unahofia watakucheka. Baada ya miezi michache hadithi inakwama katika sura ya tatu na daftari linaishia kuwashia jiko la makaa. Wengi wanaofikia hapo hudhani wamekosa kipawa, kumbe walichokosa ni msomaji.

Upweke ni suala la afya

Pengine unashangaa jambo hili linaingiaje katika ukurasa wa afya. Katika ripoti yake ya mwaka 2025, Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba mtu 1 kati ya kila 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na likahusisha upweke na vifo vipatavyo 871,000 kila mwaka. Mtu mpweke yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupatwa na kiharusi, maradhi ya moyo, kisukari na ugonjwa wa huzuni.

Si lazima uishi peke yako ndipo uwe mpweke. Unaweza kukaa katika ploti yenye vyumba ishirini, ukasalimiana na majirani kila asubuhi, na bado ukakosa hata mmoja wa kuzungumza naye kuhusu jambo unalolipenda kuliko yote.

Kuandika kwenyewe kunaweza kuufaa mwili. Mwaka 1986 wanasaikolojia James Pennebaker na Sandra Beall wa Marekani walichapisha uchunguzi ambapo wanafunzi wa chuo kikuu waliandika kwa dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Walioandika kuhusu mambo yaliyowahi kuwaumiza, wakaeleza yaliyotokea na jinsi walivyohisi, walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi katika miezi iliyofuata kuliko walioandika kuhusu mambo ya kawaida. Hata hivyo, mara tu baada ya kuandika, walijisikia vibaya zaidi.

Wanafunzi hao hawakuwa wakitunga hadithi. Lakini kila mtunzi anajua jinsi maumivu yake yanavyopenya katika maisha ya wahusika. Ukiandika saa sita za usiku kuhusu mtoto aliyefiwa na mamake, na wewe mwenyewe uliwahi kufiwa, si vyema ubaki na msiba huo peke yako hadi asubuhi.

Waliosomeana

Mfano mzuri ni wa marehemu Binyavanga Wainaina, mzaliwa wa Nakuru. Kabla hajajulikana, alikutana kwa njia ya intaneti na mwandishi mwingine chipukizi, Chimamanda Ngozi Adichie wa Nigeria, wakawa wanasomeana maandishi yao. Mwaka 2002 wote wawili walikuwa miongoni mwa walioteuliwa kuwania Tuzo ya Caine. Wainaina ndiye aliyeshinda, kwa hadithi iliyochapishwa kwanza katika intaneti. Mwaka uliofuata, jarida la Kwani? lilianza kutoka jijini Nairobi, yeye akiwa mwanzilishi na mhariri wake, na waandishi wengine chipukizi wakapata mahali pa kusomwa.

Hatusemi kwamba nawe utashinda tuzo. Pengine hata hutaki. Lakini ikiwa waliokuja kuwa mabingwa walihitaji mtu wa kuwaambia, "Endelea, nasoma," sembuse wewe unayeandika baada ya kuosha vyombo?

Jinsi ya kuanza

Kwanza, tafuta msomaji mmoja tu. Anaweza kuwa dadako, binamu yako aliye mbali au mfanyakazi mwenzako anayependa vitabu. Mpe kurasa mbili, usimpe mia mbili. Usimwulize kama ni nzuri, kwa kuwa atasema ni nzuri ili asikuvunje moyo. Mwulize: "Ni wapi ulipochoka kusoma? Ni nini ulitaka kujua zaidi?" Majibu ya maswali hayo mawili yatakufaa kuliko sifa nyingi.

Pili, ukishapata wawili au watatu wanaoandika pia, undeni kikundi kidogo. Leo ni rahisi kukutana katika WhatsApp hata kama mmoja yuko Mombasa na mwingine Eldoret. Watu watano au sita wanatosha. Kikiwa kikubwa kupita kiasi, mijadala hugeuka kuwa salamu, vichekesho na picha za harusi.

Tatu, wekeni kanuni. Amueni ni siku gani kila mmoja ataleta kazi yake na ni kurasa ngapi. Anayesoma aanze kwa kutaja jambo moja lililomgusa, kisha jambo moja linaloweza kurekebishwa. Na anayeleta kazi aseme anataka nini. Kuna siku mtu anataka kukosolewa, na kuna siku anataka tu kujua kwamba hayuko peke yake.

Nne, soma za wenzako. Anayetaka kusomwa bila kusoma hachukui muda kabla ya kuachwa. Isitoshe, utajifunza mengi kwa kuona pale ambapo hadithi ya mwenzako inapwaya.

Jihadhari

Sifa pia zina hatari zake. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ukishaanza kuweka hadithi zako mtandaoni, utajikuta ukihesabu ni wangapi waliosoma na wangapi waliopenda. Mwaka 1985 mtafiti Teresa Amabile wa Marekani alichapisha uchunguzi aliofanyia waandishi 72. Baadhi walielekezwa kwanza wafikirie sababu za nje za kuandika, kama vile fedha na sifa. Mashairi mafupi waliyotunga baadaye yalionekana na majaji kuwa na ubunifu mdogo kuliko ya wale waliofikiria raha ya kuandika kwenyewe. Idadi ikianza kukunyima raha, funga simu urudi kwenye daftari.

Aidha, usingizi wako usiugeuze kuwa wino. Mtu mzima anahitaji kulala angalau saa saba. Nusu saa ya kuandika kila siku, kabla ya watu kuamka au wakati wa chakula cha mchana, itakufikisha mbali.

Jilinde pia dhidi ya watu usiowajua. Usitoe nambari ya kitambulisho wala mahali unapoishi. Yeyote anayekutaka ulipe ili ajiite mchapishaji wako, mwulize maswali mengi kwanza. Na kikundi ambacho kila ukitoka unajiona duni, kihame. Huko si kukosolewa, ni kuonewa.

Mwisho, kikundi cha waandishi si hospitali. Ikiwa kwa majuma mawili au zaidi umekuwa na huzuni isiyoisha, hulali, huli au unawaza kujidhuru, mwone daktari au mshauri bila kuchelewa. Na mwenzako katika kikundi akianza kuandika kuhusu kifo katika kila hadithi, usimsahihishie vituo pekee. Mpigie simu umwulize hali.

Kwa hivyo, juma hili, litoe lile daftari mafichoni. Chagua ukurasa mmoja ambao hukuuonea haya ulipokuwa ukiuandika. Upige picha kwa simu, umtumie mtu mmoja unayemwamini, kisha uweke simu kando ukanywe chai. Atakapokujibu, "Halafu ikawaje?", utajua la kufanya.