Katekisimu Asiyoisikia Nyanya

Jumapili moja nilihudhuria ibada ya kipaimara katika usharika mmoja wa Kilutheri huko Nyamira. Vijana walisimama mbele ya madhabahu, wakaisema Katekisimu Ndogo kwa Kiswahili sanifu pasi na kukwama. Nikiwa mwalimu wa lugha, nilijawa na fahari. Ndipo nyanya aliyeketi kando yangu, ambaye mjukuu wake alikuwa miongoni mwao, aliponinong'oneza kwa Ekegusii: "Mwanangu, wanasema nini?"

Martin Luther aliiandika katekisimu hiyo mwaka wa 1529 ili mzazi aifunze nyumbani mwake. Ndiye aliyelitoa Agano Jipya kwa Kijerumani mwaka wa 1522, na Biblia nzima mwaka wa 1534. Alipolaumiwa kwa tafsiri yake, alijibu mwaka wa 1530 kwamba mfasiri hana budi kumsikiliza mama nyumbani, watoto njiani na mtu wa kawaida sokoni. Je, mama wa Itierio asikilizwe na nani?

Naitaja Itierio kwa kuwa ndiko wamisionari wa Kiswidi walikoanzisha kazi mwaka wa 1948, miaka zaidi ya thelathini baada ya Wakatoliki na Waadventista kufika Gusii. Kanisa lililochipuka huko sasa lina waumini wa makabila mengi, na mchungaji aweza kupelekwa kokote. Kiswahili, basi, ni cha lazima. Nami ningekuwa mnafiki kukipinga ilhali ndicho ninachokiandika hapa.

Wala sidai Ekegusii "safi". Jina lenyewe la Mungu, Nyasae, lina undugu na Nyasaye wa majirani zetu Wajaluo, na sijamwona aliyepungukiwa imani kwa sababu hiyo. Tatizo liko kwingine. Lugha hii yenye irabu saba huandikwa kwa herufi tano tu za irabu, hivyo kijana asiyeizungumza nyumbani hubabaika aisomapo, akakimbilia Kiswahili. Walimu wa madarasa ya chini wanalijua hili vyema. Kwa nini basi madarasa ya kipaimara yasifunzwe kwa lugha zote mbili, na chuo cha theolojia cha Matongo kikawatahini kwa Ekegusii wale watakaotumwa Gusii?

Siku ile nilimfasiria nyanya yule zile Amri hadi ya nne, ile ya kuwaheshimu baba na mama. Hapo akanigusa mkono ninyamaze. Hiyo, akasema, alitaka kuisikia kinywani mwa mjukuu wake.