Ncha Nyeupe Ukutani

Shuleni tunafundishwa kwamba reptilia ni wanyama watambaao wenye damu baridi. Sifa zote mbili zinapotosha, na katika ukame wa Mandera zinapotosha zaidi. Kobe hutembea kwa miguu minne, mamba ni mwogeleaji, na mjusi anayeota jua juu ya jiwe anaweza kuwa na damu yenye joto kama lako, nyuzi 37. Hakosi joto, anakosa tanuri la kulizalisha mwilini, basi hulichukua juani. Kinachowaunganisha kweli, yaani kubana maji, kinaonekana kwenye kinyesi cha mjusi kafiri ukutani: kipande cheusi chenye ncha nyeupe kama chokaa. Ile nyeupe ndiyo mkojo wake. Sisi na mbuzi hutoa taka za protini kama urea, ambayo lazima iyeyushwe kwa maji. Mjusi huzitoa kama asidi ya yuriki, chembechembe zisizoyeyuka kirahisi, na maji hubaki mwilini.

Katika nchi ya Mandera, inayopata kama milimita 250 tu za mvua kwa mwaka, ubanaji huo ni uhai. Juu yake weka ngozi ya magamba, yaliyoumbwa kwa keratini kama kucha zetu, na yai lenye ganda linalobeba maji yake ndani. Chura naye huitwa wa damu baridi, lakini ngozi yake huvujisha maji na mayai yake hukauka upesi, ndiyo maana husubiri mvua. Mijusi na nyoka, ambao kitaalamu ni kundi moja lenye spishi zaidi ya 11,000, ndio waliofika mbali kuliko wote. Bafe aliyeshiba anaweza kukaa wiki kadhaa bila kula, kwa kuwa mwili wake hauchomi chakula ili kujipasha joto.

Je, mamba wa Mto Tana pale Garissa, aishiye majini, hapingi haya? Hoja hii ina uzito. Mamba hutoa sehemu kubwa ya taka zake kama amonia, inayotaka maji tele, na kwa nasaba yu karibu zaidi na ndege kuliko mjusi. Hata hivyo jike hupanda ukingoni kufukia mayai mchangani; mto ukiyafunika, vijusi hufa kwa kukosa hewa. Mamba amerudi majini na yai la nchi kavu. Wengine watasema ukame huwaua reptilia pia. Kweli, kubana maji si kuishi bila maji. Kobe wa nchi kame hujaza kibofu mvua inaponyesha, kisha hukitumia kama tangi. Akinyanyuliwa ghafla hukojoa kwa hofu, na akiba ya miezi humwagika mchangani mara moja. Mtoto aliyemwinua katikati ya kiangazi cha jilaal humrudisha chini bila jeraha lolote, naye kobe hujikokota kuelekea kichakani akiwa mtupu, na mvua za gu bado ziko mbali.