Je, Wajua? Faili la "amd64" ni la kompyuta ya Intel pia

Ukitaka kupakua mfumo endeshi wa Debian au Ubuntu, utakuta faili limeandikwa "amd64". Wengi wenye kompyuta ya Intel huliacha wakidhani si lao. Ni lao kabisa, na jina hilo lina kisa chake.

Kila prosesa ina lugha yake ya amri, na mfumo endeshi hutengenezwa kwa lugha hiyo. Mwaka 2001 Intel ilitoa Itanium, prosesa ya biti 64 yenye lugha mpya kabisa. Programu za zamani zilikwenda humo kwa kujikokota. Mwaka 2003 AMD ikaja na wazo ambalo mimi naliona la busara zaidi: iliipanua lugha ileile ya biti 32 ifike 64, na programu za jana zikaendelea kufanya kazi bila kuguswa. Mwaka uliofuata Intel yenyewe ikaanza kutumia mpango huo wa mshindani wake. Jina la AMD likabaki kwenye mafaili hadi leo.

Ndiyo maana prosesa ya aina hiyo hukubali pia mfumo wa biti 32, ingawa kwa kawaida mfumo huo hautumii kumbukumbu inayozidi gigabaiti 4, hata ukiongeza. Kinyume chake hakiwezekani: prosesa ya biti 32 haibebi mfumo wa biti 64, na Windows 11 haina toleo la biti 32. Prosesa za ARM, zilizomo katika simu nyingi, zina faili lao: "arm64".