Saa 3 ya nani? Kabla hujapokea kianzio cha kikundi cha taarab

Ndugu zangu wauzaji, mimi nauza sare za sherehe mtandaoni: madera, vitenge vya pamoja, ushungi wa kufanana. Muziki sikuutafuta, ulinifuata. Mteja akishachukua sare 30, swali linalofuata ni "Dada, humjui mtu wa taarab?" Nikaanza kuwaunganisha na kikundi kimoja cha Mbagala: mwimbaji, kinanda, gita la besi na wapiga ngoma wawili. Wao laki 6, mimi naongeza elfu 60 yangu. Nikaona hii ndo biashara, haina mzigo wala bodaboda, hakuna wa kukwambia "haijanienea". Jamani!

Mwaka jana mwezi wa Shaabani, ule ambao Pwani nzima inakimbizana kuoza kabla ya Ramadhani, dada mmoja aliyeko Muscat alimlipia mdogo wake kichen pati ya uani, Temeke. Akaandika, "Jmosi saa 3." Nikauchukua ujumbe uleule nikamrushia kiongozi wa kikundi. Akajibu "poa, tumeiweka". Kianzio laki 3 kikaingia, nikakituma palepale, nikarudi kwenye sare zangu.

Jumamosi saa 9 na robo mchana, simu ya mama wa bibi harusi. "Mwanangu, wageni wamekaa, muziki uko wapi?" Nampigia kiongozi, namkuta amelala. "Dada, si ulisema saa 3? Saa 3 si usiku?" Kumbe yule dada huko aliko ameshazoea kuisoma saa kama simu inavyoionyesha, 3 yake ni saa 9 yetu. Na mimi kadi ya mwaliko nilikuwa nimeiona, najua shughuli ni ya mchana, sikuuliza.

Wamefika saa 11 na nusu, foleni ya Mbagala mnaijua. Kufunga vyombo, nyimbo tatu (na za taarab mnajua urefu wake), adhana ya magharibi hiyo. Mama akasema basi. Familia ikagoma kutoa laki 3 iliyobaki. Kikundi nacho kikasema sisi tumekuja, tena kabla ya saa tuliyoambiwa. Wote walikuwa na haki, katikati nimesimama mimi. Nikatoa laki na nusu kwenye hela ya mzigo wa vitambaa nikawapa, nyingine wakanisamehe.

Sasa hivi sigusi kianzio mpaka pande zote mbili zijibu "nimekubali" chini ya ujumbe mmoja. Nakili, badilisha namba zako:

"Jumamosi tarehe 14, saa 9 mchana (15:00) hadi saa 12 jioni (18:00). Kikundi kinafika saa 8 mchana kufunga vyombo. Spika na maiki ni za kikundi. Umeme, jenereta na kibali cha mtaa ni vya mwenye shughuli. Jumla 660,000. Kianzio 330,000, iliyobaki inalipwa kabla ya wimbo wa kwanza. Shughuli ikiahirishwa zikiwa zimebaki chini ya siku 7, kianzio hakirudi. Kikundi kisipofika, kianzio chote kinarudi. Pesa za kutunza ni za wanamuziki."

Huo mstari wa mwisho watu wanaucheka. Mimi nimeshakutana na mwenye shughuli aliyehesabu noti zote alizotunzwa mwimbaji, akataka zikatwe kwenye deni lake! Na la spika usiliache hewani, kila upande huamini mwenzake ndiye anayeleta.

Kingine kidogo: video ya kikundi unayompelekea mteja, irekodi mwenyewe kwa simu wakiwa kazini. Nyingi wanazotuma wenyewe zimewekewa sauti ya studio juu. Mteja akisikia tofauti siku ya shughuli, anayetafutwa ni wewe.

Yule mama wa Temeke nilijua nimempoteza. Mwezi uliopita kanipigia, anaoza binti wa pili, anataka sare 40. Tumemaliza rangi, tumemaliza bei, akanyamaza kidogo. "Na wale wa muziki wapo?" Nikamwambia wapo, mama. "Haya waite. Lakini waambie saa 9 ya jua kali, mwanangu. Ya jua kali."