Utangulizi: Ngoma za Marambo na Wanaoitikia

Kitabu hiki ni cha mtu anayetaka kuanza kusoma ngoma za kusini mwa Tanzania, hasa za Marambo, yaani Nachingwea na Ruangwa, wanakoishi Wamwera, Wamakonde, Wayao, Wamakua na wengineo. Si lazima ujue nota. Ukiweza kuitikia, umeshaanza.

Taaluma yetu ina mazoea ya kuanzia kwenye kunasa sauti. Mwaka 1906, moto wa vita vya Majimaji ukiwa haujazimika, Mjerumani Karl Weule alitoka Lindi akaenda Masasi na Newala na fonografu yake, akanasa nyimbo kwenye silinda za nta. Tunamshukuru, japo kwa shingo upande, maana kilichopanda meli kwenda Ujerumani ni sauti tu. Nani alikosea akarekebishwa kwa jicho, mtoto gani alijipenyeza nyuma ya wapigaji, hayo hayakuingia kwenye nta. Nami nashikilia kwamba hayo ndiyo yanayoifanya ngoma idumu.

Nenda baada ya mavuno, msimu wa jando na unyago ukishafunguka. Fika mapema, ngoma zinapootwa moto. Nyasi kavu huwashwa, ngozi ikaelekezwa kwenye joto. Mpigaji huigonga kwa vidole, husikiliza, huirudisha tena motoni. Joto likizidi ngozi hupasuka, likipungua sauti hutoka imelegea. Kijana anayetumwa kushika ngoma pale motoni anafunzwa sikio, ingawa hakuna aliyemwambia kwamba yuko darasani. Kwa Wamakonde utaona pia vinganga, ngoma ndogo zenye mguu uliochongoka, zikichomekwa ardhini na kupigwa kwa vijiti.

Manju akianzisha, wageni wote humkodolea macho yeye. Wewe watazame wanaoitikia. Asiyeujua wimbo hudaka silabi ya mwisho, hupiga makofi, hunyamaza panapomshinda, na wimbo ukizunguka mara kadhaa naye keshaingia. Wapigaji wa banjo na fidla katika milima ya Appalachia, Marekani, hurithishana hivyohivyo: hukaa duara, mgeni akapiga taratibu pembeni mpaka ashike. (Banjo yenyewe, tusisahau, ina asili ya Afrika Magharibi.)

Jukwaa ni habari nyingine. Baada ya uhuru, sindimba ya Wamakonde ilichukuliwa na kikundi cha ngoma cha taifa, ikachezwa hadi ikawa kama kitambulisho cha nchi. Lakini jukwaa hutenga wachezaji na watazamaji, na mtazamaji hana kiitikio. Ngoma inaweza kujulikana nchi nzima bila kumpata mrithi hata mmoja.

Wala usidhani kukusanyika huiacha ngoma ilivyokuwa. FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walipoweka kambi Nachingwea katika miaka ya 1960, vijana wa makabila mbalimbali ya nchi hiyo waliimba na kucheza pamoja, ngoma za huyu zikawa za yule. Wanaotafuta ngoma isiyochanganyika watachoka bure. Ngoma ya beni, iliyoiga bendi za kijeshi, nayo ilienea mpaka huku bara ikapata wenyewe.

Mwaka 1960 Mantle Hood, mtaalamu wa muziki kutoka Marekani, alisisitiza kwamba mtafiti ajifunze kupiga muziki anaousoma. Nakubaliana naye, ila Marambo huanzi na kupiga. Unaanza na kuitikia, na wenyeji ndio watakaokuambia lini usogee. Kwenye nyimbo nyingine hutasogezwa kabisa. Mwimbaji Bi Kidude aliutoa unyago hadharani kule Zanzibar, na mjadala juu ya hilo haujaisha. Hapa kungwi akisema zima simu, zima, na usiniandikie kuniuliza kama ungeweza kurekodi kwa siri.

Sura ya kwanza ni ya miti, ngozi na uchongaji. Mwenye haraka airuke, aende ya pili, ya viitikio. Atairudia ya kwanza siku ngozi itakapompasukia.